Kumwombea mtoto picha ya MRI ya ini linaloshambuliwa na kinga ya mwili: fomu, maandalizi na usomaji

Mtoto anapoletwa kliniki hapa Kisumu akiwa na macho ya manjano na mkojo mweusi kama chai ya mkandaa, ni sawa kabisa kumtafutia kwanza malaria, selimundu, homa ya ini ya aina ya B na kichocho, kwa maana hayo ndiyo magonjwa ya kwetu. Yasipoonekana, na damu ikaonyesha kwamba vimeng'enya vya ini vimepanda, protini ya IgG imezidi na kuna kingamwili zinazoushambulia mwili wenyewe, ndipo ugonjwa wa ini unaotokana na kinga ya mwili unapotajwa, na haupiti muda kabla mtu hajaandika fomu ya MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku. Mwongozo huu unahusu fomu hiyo na yote yanayoifuata. Umekusudiwa kwa matabibu wanaoomba picha na kwa wazazi wanaomleta mtoto. Mimi hukaa upande wa mashine, na nimeona safari hizi huharibikia wapi.

Huharibikia kwenye fomu. MRI si picha moja bali ni mafungu ya picha, na kila fungu hupigwa ili kuonyesha jambo lake. Anayeandika "MRI ya tumbo" atapata ini, wengu na figo, lakini mirija ya nyongo huenda isionekane vya kutosha, kwa sababu mirija ina fungu lake liitwalo MRCP, ambalo halipigwi lisipoombwa. Alikuja kwetu mvulana wa miaka 11 kutoka upande wa Bondo, ameandamana na shangazi yake, na fomu yake ilikuwa na maneno hayo tu. Tulimpiga picha kama ilivyoombwa. Baada ya wiki tatu alirudishwa, kwa kuwa daktari wake alitaka kuona mirija: nauli mara mbili, kushinda njaa mara mbili, na malipo ambayo shangazi alilazimika kuyaeleza upya. Lawama sikumwachia aliyeandika fomu peke yake. Nami ningeweza kupiga simu kabla ya kumlaza mtoto mezani.

Mirija ina uzito huo kwa sababu kwa watoto ugonjwa huu una sura mbili zinazofanana sana kwenye damu. Katika sura ya kwanza kinga hushambulia seli za ini zenyewe. Katika ya pili hushambulia pia mirija ya nyongo, ikaivimbisha na kuiachia makovu. Utafiti wa miaka 16 uliofanyika London na kuchapishwa mwaka 2001 uliwafuatilia watoto 55 waliokuwa na dalili za ugonjwa huu, na 27 kati yao walikutwa na mirija iliyoharibika. Takriban robo ya hao 27 hawakuwa na dalili ya mirija kuathirika kwenye kipande cha ini kilichochukuliwa kwa sindano. Kwa hiyo kipande cha ini bado kinahitajika ili kuthibitisha ugonjwa, lakini hakitoshi, na mtoto anayepewa utambuzi huu kwa mara ya kwanza anastahili picha ya mirija hata kama hana manjano wala mwasho wa ngozi.

Kwenye fomu basi andika swali lenyewe, kwa mfano: "Je, mirija ya nyongo ya ndani na ya nje ya ini imeathirika? Je, kuna dalili za makovu au za shinikizo kwenye mshipa uingizao damu kwenye ini?" Ongeza umri wa mtoto, majibu ya kingamwili, na kiwango cha GGT, kimeng'enya kinachopanda mirija ya nyongo inapoumia. Nasisitiza GGT kwa kuwa ALP, kimeng'enya kingine cha mirija, kwa mtoto anayekua hupandishwa na mifupa, nacho humpotosha msomaji. Taja kama mtoto anaharisha damu au kamasi, maana ugonjwa wa mirija huandamana mara nyingi na uvimbe wa utumbo mpana. Andika pia ameanza prednisolone, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, lini na kwa kipimo gani. Dawa hiyo hupunguza uvimbe na huweza kuongeza mafuta kwenye ini, na picha iliyopigwa baada ya miezi miwili ya vidonge haisomwi kama iliyopigwa kabla.

Halafu kuna swali moja ambalo katika eneo la ziwa halipaswi kukosekana: mtoto ana selimundu, na ameongezewa damu mara ngapi? Kila chupa ya damu huacha madini ya chuma mwilini, na sehemu kubwa ya chuma hicho hukaa kwenye ini. Chuma huiharibu picha kwa namna ya pekee, kwani hufanya ini lionekane jeusi, na katika mashine nyingi huzima kabisa kipimo cha ugumu wa ini nitakachokieleza hapa chini. Zaidi ya hayo, mtoto wa selimundu hupata mawe ya nyongo mapema, na jiwe lililokwama laweza kuleta manjano na kupandisha GGT bila kinga ya mwili kuhusika. Fundi akijulishwa mapema atapima chuma kwanza na kuchagua mafungu yanayoistahimili hali hiyo. Asipojulishwa, ataligundua hilo mtoto akiwa tayari amelala ndani ya mashine.

Kuhusu dawa ya kontrasti inayopitishwa kwenye mshipa, mirija haiihitaji. MRCP huonyesha majimaji yaliyotulia, na nyongo yenyewe ndiyo inayong'aa. Dawa ya kontrasti yenye gadoliniamu iombwe pale panaposhukiwa uvimbe wa aina ya saratani, usaha au maambukizi ya mirija, na hali ya figo ijulikane kwanza.

Sasa niwageukie wazazi. Idhini ya malipo ya SHA, bima ya afya ya serikali, iulizwe siku kadhaa kabla, si asubuhi ya miadi. Mtoto asile chochote kwa saa 4 hadi 6, ili mfuko wa nyongo ujae na tumbo lisiwe na majimaji mengi yatakayong'aa na kuifunika mirija. Hili ni gumu kuliko linavyosikika: anayetoka Siaya kwa matatu ya alfajiri hushukia stendi penye mandazi ya moto, na mtoto ana njaa. Omba miadi ya kwanza ya asubuhi, na usimpe hata kipande "kidogo tu", kwa sababu mafuta ya andazi moja yanatosha kuukamua mfuko wa nyongo. Baadhi ya vituo humpa mtoto juisi halisi ya nanasi muda mfupi kabla ya picha. Nanasi lina madini ya manganizi, ambayo huuzima mwangaza wa maji tumboni bila kuigusa nyongo. Juisi ya kukamua nanasi la soko la Kibuye inaweza kufaa, ingawa kiasi cha madini hutofautiana. Soda yenye ladha ya nanasi haifai kitu. Usimpe bila kuuliza, na mtoto atakayelazwa kwa dawa ya usingizi afuate maagizo ya daktari wa usingizi peke yake.

Sumaku ya mashine ya Tesla 1.5 (Tesla ni kizio cha nguvu ya sumaku) ina nguvu takriban mara 30,000 kuliko ile ya dunia, na haizimwi mtoto anapoingia. Vua hereni, vibanio vya nywele, rozari, mkanda, na nguo zenye zipu au nyuzi za kumetameta. Kama atasukwa, asukwe kwa nywele zisizo na nyuzi za chuma. Yeyote aliyewahi kuwekewa chuma au kifaa mwilini aseme, akiwemo mzazi atakayeingia chumbani pamoja naye.

Kazi hudumu kati ya dakika 30 na 60, na mashine hupiga kelele kama fundi anayegonga mabati. Masikio yatazibwa, lakini mtoto aambiwe ukweli huo nyumbani. Mwambieni pia kwamba mashine hii haitumii mionzi ya eksirei. Mazoezi ya pumzi ndiyo yanayookoa picha. Mlaze chali kwenye mkeka, weka kiberiti juu ya kitovu chake, mwambie akipandishe na kukishusha polepole kwa pumzi zake, kwa mwendo mmoja. Kisha atoe pumzi na kuibana huku ukihesabu hadi 12. Watoto wengi kuanzia miaka 7 au 8 huweza. Wadogo zaidi mara nyingi huhitaji dawa ya usingizi, na hapo lazima awepo mtaalamu wa usingizi mwenye uzoefu na watoto. Pasipokuwa na mtaalamu huyo, mtoto na apewe rufaa ya Eldoret au Nairobi.

Majibu yakija, tabibu aanze na mirija. Mirija mizima hufanana na matawi yanayopungua unene taratibu kuelekea nchani. Iliyougua hubanwa hapa ikatanuka pale, kama shanga zilizotungwa, au matawi ya nje hutoweka kama mti uliopogolewa. Lakini usiiamini picha moja ya jumla iliyounganishwa na kompyuta. Fungua vipande vyake, kwa sababu mtoto aliyetikisika huonekana kama mwenye mrija uliokatika, na mshipa wa damu unaopita juu ya mrija mkuu huweka kivuli kinachofanana na mbano. Mirija myembamba kabisa haionekani kwa MRCP, hivyo picha safi haiondoi ugonjwa wa mirija hiyo. Tezi za limfu karibu na mlango wa ini huvimba kidogo katika ugonjwa huu, na haifai kukimbilia kutaja kifua kikuu. Kwa mtoto wa ufukweni, makovu yaliyoizunguka mishipa ya damu ndani ya ini, huku mirija ikiwa mizima, yakukumbushe kichocho.

Kwenye mashine yenye elastografia, yaani kipimo cha ugumu wa ini, kisahani huwekwa juu ya mbavu za kulia kikitetema mara 60 kwa sekunde, na mawimbi yake huenda kasi zaidi katika ini gumu. Jibu huandikwa kwa kilopaskali, na hapa kuna mtego: kipimo cha Fibroscan, kinachopima ugumu wa ini kwa ultrasound, nacho huandikwa kwa kilopaskali, lakini hupima kwa hesabu nyingine ambayo tarakimu yake ni karibu mara 3 ya ile ya MRI. Mtoto aliyekuwa na 7.5 kwa Fibroscan na sasa ana 2.5 kwa MRI hajapona. Huenda ini lake liko vilevile. Linganisha kifaa na kifaa kile kile, na kumbuka kwamba uvimbe nao hulifanya ini kuwa gumu, kwa hiyo ugumu wa siku ya kwanza si makovu yote.

Picha ya mirija irudiwe GGT ikipanda, manjano yakirejea, au mtoto akianza kuharisha damu ilhali anameza dawa zake vizuri. Siku hiyo anayesoma atahitaji CD ya kwanza, si karatasi ya ripoti pekee. Mzazi aiweke mbali na jua, na juu ya jalada aandike kwa kalamu tarehe ya picha na idadi ya vidonge vya prednisolone ambavyo mtoto alikuwa akimeza wiki ile.