Kabla hujaita kijiko kiwanjani

Mimi ni opareta wa kijiko, yaani mashine ya kuchimbia, kidogo cha tani 3, na kazi zangu nyingi ziko Moshono, Njiro na Usa River, mkoani Arusha. Mwenye kiwanja namwomba jambo moja: usikate mti hadi chini kabla mashine haijafika. Wengi hudhani wananipunguzia kazi. Niachie shina la mita moja na nusu hivi, maana hilo ndilo ninalolisukuma. Kisiki kilichokatwa usawa wa ardhi hakina pa kushika, na saa unalipia wewe. Habari za kibali cha kukata miti kaulizie mapema kwa mtendaji wa kata.

Tafuta bikoni zote, yaani alama za mipaka ya kiwanja, uzichomekee vijiti vyenye kitambaa chekundu. Bomba la maji lichimbue kwa jembe mpaka ulione. Ondoa seng'enge na matambara. Yakijizungusha kwenye minyororo ya mashine, kazi imesimama.

Kwanza nakwangua udongo wa juu, sentimita 15 hadi 20, na kuurundika pembeni ambako maji ya mvua hayapiti. Huo ni wa migomba na bustani, usimwachie mtu wa lori auchukue kama kifusi.

Sasa kisiki. Mashine ndogo haing'oi kwa ubabe, inachimba. Nazungusha mtaro, nakata mizizi kwa meno ya ndoo pande tatu, kisha nasukuma shina juu kabisa kuelekea upande wa nne. Likianza kulala utasikia mizizi ya chini ikikatika. Mgunga una mzizi mkuu unaozama sana, kwa hiyo usinihesabie muda sawa na mti wa uani. Kikitoka, nakikung'uta hapohapo shimoni ili udongo ubaki.

Usikubali kisiki kizikwe mahali nyumba itakapokaa. Kitaoza, ardhi itatitia, na mchwa watakuwa wameshakaribishwa. Shimo lijazwe kidogokidogo, tabaka la sentimita 20, umwagie maji kiasi na kushindilia kwa kompakta kabla ya tabaka jingine. Udongo mweusi wa mfinyanzi usirudishwe humo, unavimba ukilowa na kupasuka ukikauka, leta moramu, yaani udongo wa changarawe.

Fanya haya kabla ya masika ya Machi, kwa sababu kwenye mteremko uliolowa mashine inateleza na mimi nitazima injini. Na yale mawe makubwa yanayoibuka, yapange kando ya barabara: fundi wako atayataka kwenye msingi.