Sefu ndogo ya mbao yenye kitasa cha namba, tunaitengeneza hivi

Wakuu, kama una skrolo-soo, ile mashine ya bledi nyembamba inayopanda na kushuka, na umeshakata majina na vipepeo vya kutosha, jaribu hii. Ni sefu ndogo ya mbao yenye mlango wa mbele, unazungusha namba tatu inafunguka, na chuma pekee kilichomo ni skrubu na bawaba. Nimeshatengeneza kadhaa, na kuna jambo moja nataka ulishike kuliko yote: mapengo ya magurudumu usiyapime kwenye karatasi. Kitasa chenyewe ndo kitakuonyesha pa kukata, tutafika hapo.

Kwanza uelewe kinavyofanya kazi, maana ukielewa hutahitaji hata mchoro. Kufunga kasha kwa namba au herufi ni ujuzi wa zamani, fundi al-Jazari mwaka 1206 alishaeleza kasha linalofungwa kwa visahani vinne. Sisi tunatumia kisahani kimoja tu nje, na nyuma ya mlango kuna magurudumu matatu kwenye shafti moja. La kwanza limegandishwa kwenye shafti, la pili na la tatu yanaelea. Kila gurudumu lina pengo moja ukingoni na pini ubavuni, kwa hiyo ukizungusha, la kwanza linakwenda mpaka pini yake iikute pini ya la pili, linalisukuma, na la pili nalo linaenda kulisukuma la tatu. Juu yake kuna komeo linalopanda na kushuka, na kwenye komeo kuna kipau kinacholala juu ya kingo za magurudumu. Komeo likiwa juu limeingia kwenye tundu la dari ya sefu, mlango hautoki. Mapengo yote matatu yakija juu kwa pamoja kipau kinadumbukia, komeo linashuka kwa uzito wake, umefungua.

Magurudumu tumia plaiwudi ya mm 6, tena nzuri isiyo na mashimo ndani. Hapa usinibishie. Mimi ya kwanza niliyakata kwa mninga kwa sababu ya rangi yake, yakawa mazuri kweli, masika ilipoingia yakavimba kwa upande mmoja tu, mbao hutanuka kukatiza nyuzi na sio kufuata nyuzi, gurudumu likawa kama yai na kitasa kikagoma, nikalazimika kupasua mgongo wa sefu. Plaiwudi nyuzi zake zimepishana haina hiyo tabia. Mninga weka kwenye boksi na kisahani cha nje, huko ndo unaonekana.

Bandika vipande vitatu vya plaiwudi pamoja kwa tepu ya pande mbili, toboa kwanza tundu la kati, halafu ndo ukate duara la kipenyo cha mm 70. Bledi namba 5 inatosha, ikaze vizuri, usisukume mbao kwa nguvu maana bledi inapinda na ukingo unatoka umelala upande. Kata nje ya mstari kidogo, umalizie kwa msasa yakiwa bado yamebanana ili yatoke sawasawa. Shafti ni kijiti cha mviringo cha mm 10. Gurudumu la kwanza libaki limebana kwenye shafti, mawili mengine tanua tundu kidogo mpaka yazunguke yenyewe ukiyapuliza, upake nta ya mshumaa.

Pini ni vijiti vya mishkaki, mianzi ile ni migumu kuliko unavyodhani. Toboa mm 20 kutoka katikati. Gurudumu la kati pini ipite pande zote mbili ikitokeza mm 4 kila upande, la kwanza na la tatu itokeze upande mmoja tu, ule unaotazama la kati. Katikati ya magurudumu weka washa, yaani viduara vyenye tundu, za plaiwudi hiyohiyo, kipenyo mm 28, na nyingine kati ya mlango na gurudumu la kwanza. Washa ni mm 6 na pini ni mm 4, hivyo pini zinakutana bila kukwaruza gurudumu la jirani. Nyuma ya yote funga kibao cha kushika mwisho wa shafti, kwa skrubu, usigundishe.

Komeo ni mbao ngumu inayoteleza kwenye reli mbili, kipau chake kiwe na upana wa mm 8 na kipite juu ya magurudumu yote matatu. Kwenye mlango toboa tundu, pitisha bledi ndani yake, ukate mfereji wa kishikio cha kidole cha kurudishia komeo juu. Kisahani cha nje gawa namba 20, kila moja digrii 18, kwa hesabu unapata michanganyiko 8000. Kishike kwenye shafti kwa skrubu ndogo ya ubavuni ili kitoke na kurudi palepale.

Sasa ndo penyewe. Funga kila kitu, magurudumu yakiwa bado mazima, shikilia komeo juu. Chagua namba zako, zisikaribiane. Zungusha kulia raundi tatu au zaidi usimame namba ya kwanza, rudi kushoto, ipite namba ya pili mara moja, ikija tena simama, halafu kulia moja kwa moja hadi ya tatu. Usiguse tena kitu. Chukua penseli yenye ncha, chora mstari pale kipau kinapolala kwenye kila gurudumu. Unene wa pini, tundu kulegea, makosa yako yote madogo yameshaingia kwenye ule mstari. Fungua, kata kila pengo upana mm 12 na kina mm 12, mstari ukiwa katikati. Ukipenda ongeza mapengo ya uongo ya kina cha mm 2 hapa na pale, mtu anayebonyeza komeo huku anapapasa atachanganyikiwa.

Rudisha, jaribu mara 20 mlango ukiwa WAZI. Kipau kikigoma usitanue mapengo yote, angalia lipi halijafika, mara nyingi ni la tatu, ama hukuzungusha raundi za kutosha ama nta haijatosha. Kwa bisibisi sefu hii inavunjika, kwa hiyo weka barua na vito vya mtoto, hela peleka kwingine. Na mgongo wa sefu ufunge kwa skrubu upande wa nje, siku ukisahau namba utaingilia huko.