Mvinyo wa mabibo: lita 15 kutoka chini ya mkorosho hadi chupani

Msimu ukifika, kuanzia Septemba hivi mpaka Desemba, korosho inabebwa kwenda ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, na bibo, tunda laini linaloshikana na korosho, linabaki chini ya mti. Tandahimba, Newala, Masasi, Nanyamba, kote huku Mtwara ni hivyo. Mengine wanakula mbuzi, mengine yanaoza, mengine yanakamuliwa uraka, pombe ya mabibo ya kunywa siku hiyohiyo. Bibo hilohilo linatoa mvinyo mkavu, yaani usio na utamu, mweupe unaoelekea njano, wa kukaa chupani mpaka msimu mwingine. Wengi wanaojaribu wanakwama kwenye mambo mawili: ukakasi na joto. Yaliyobaki ni usafi na subira.

Kwa lita 15 za juisi tafuta mabibo kilo 25. Andaa sukari kilo moja na nusu, ndimu nane hadi kumi, wanga wa muhogo gramu 75, na hamira ya mvinyo gramu 5. Vyombo ni madumu mawili ya lita 20 ya plastiki ya chakula, ndoo mbili zenye vifuniko, kitambaa cha kuchujia, na mita moja na nusu ya mpira mwembamba. Mpira wa dripu kutoka duka la dawa unafaa kabisa, mradi ni mpya. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa au dawa ya mikorosho usiliguse, hata ukiliosha mara kumi.

Jioni fagia chini ya mti na utandaze turubai. Asubuhi okota yaliyodondoka usiku, maana bibo likilala saa 24 chini tayari limeanza kuchacha lenyewe na limeshatembelewa na wadudu. Chagua yaliyo magumu, yasiyopasuka, yasiyo na tundu. Mekundu na ya njano yote yanafaa.

Kunyofoa korosho kunahitaji uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayochoma ngozi na mdomo, na tone dogo likiingia kwenye juisi utalisikia kooni. Usiiponde korosho pamoja na bibo hata kidogo. Njia safi ni kuzungushia uzi wa nailoni pale korosho inapokutana na bibo, kisha unavuta: inakatika bila kubaki na nyama. Hapo unapata faida mara mbili, kwa sababu korosho yenye mabaki ya bibo inaoza kwenye gunia na kushushwa daraja ghalani.

Osha mabibo kwa maji safi mara mbili, katakata, ponda kwenye kinu cha mti au kamua kwa mikono. Chuma na bati viweke mbali. Ukakasi wa bibo ukigusa chuma, juisi inakuwa nyeusi na kupata ladha ya msumari. Kisu na sufuria viwe vya stenlesi. Vaa nguo ya kazi, kwani doa la bibo halitoki, na kitambaa ukichochujia leo hakitarudi kuwa cheupe. Juisi lita 15 zikipatikana, machicha wape mbuzi.

Sasa ukakasi, kazi yenyewe. Juisi ya bibo ikiumuliwa ilivyo inatoa mvinyo unaokereketa koo na kukausha ulimi, na kukaa chupani hakuuponyi sana. Kabla ya kuuondoa, zuia kwanza juisi isianze kuchacha: weka potasiamu metabisulfaiti, unga wa kuzuia vijidudu, robo kijiko cha chai, kijiko kilichosawazishwa, kwa lita zote 15. Huna? Pasha juisi hadi iwe moto wa nyuzi 70 hivi, mvuke unapanda lakini haichemki, ishikilie hapo dakika 15, kisha ipoze haraka ndani ya karai la maji. Ikichemka inapata ladha ya matunda yaliyopikwa, na hiyo haitoki tena.

Chukua wanga wa muhogo, si unga wa makopa wenye nyuzi. Kama dukani hakuna, paruza muhogo mbichi, usugue kwenye maji, chuja, acha utuame, mwaga maji na ukaushe unga mweupe uliobaki chini. Gramu 75 zikoroge na nusu lita ya maji, pika mpaka uwe uji mzito unaong'aa, poza, mimina kwenye juisi na ukoroge dakika mbili. Funika, acha saa 12. Utaona mawingu yanashikana na kushuka. Vuta juisi ya juu kwa mpira bila kutibua chini. Ionje: ikiwa bado inabana ulimi, rudia kwa nusu ya kipimo. Usizidishe, maana wanga uliobaki unaacha ukungu kwenye mvinyo.

Juisi ya bibo kwa kawaida ina sukari yake gramu 100 hadi 120 kwa lita, na hiyo peke yake inafikisha kilevi cha asilimia 6 tu. Kila gramu 17 za sukari kwa lita zinaongeza asilimia moja, ndiyo maana tunaongeza gramu 100 kwa lita ili kufika 11 au 12. Chini ya hapo mvinyo haukai. Iyeyushe sukari kwenye juisi kidogo iliyopashwa, irudishe, kisha kamulia ndimu. Bibo lina asidi ndogo. Bila ndimu mvinyo unakuwa bapa mdomoni na bakteria wanauzoea upesi.

Kama uliweka metabisulfaiti, hakikisha saa 24 zimepita tangu uiweke. Hamira iamshe kwenye nusu kikombe cha maji vuguvugu, nyuzi 35 hadi 40, dakika 15. Maji yakikuchoma kidole yataiua. Hamira ya mkate inafanya kazi, lakini inachoka mapema na kuacha harufu ya andazi. Imimine, tikisa dumu vizuri, funga kifuniko chenye tundu la mpira, ziba pembeni kwa nta ya mshumaa, na ncha ya pili izamishe kwenye chupa ya maji. Hewa itoke, isiingie. Dumu lililofungwa kabisa litapasuka, na dari utaipaka rangi upya.

Novemba Mtwara chumba cha bati kinapita nyuzi 32 mchana, na hamira kwenye joto hilo inakimbia, inatoa harufu ya rangi ya kucha na kilevi kinachouma kichwa. Unataka 22 hadi 28. Weka dumu sakafuni upande usiopigwa na jua, ndani ya beseni la maji, ulivishe gunia ambalo ncha zake zinagusa maji. Gunia linavuta maji, upepo unayakausha, dumu linapoa. Jaza beseni asubuhi na jioni.

Mapovu yanaanza ndani ya saa 24, yanachachamaa siku ya pili hadi ya nne, yanapungua kufikia siku ya kumi. Yasipoanza kabisa, sababu huwa moja kati ya hizi: hamira ya zamani, juisi iliyokuwa bado ya moto, au metabisulfaiti iliyozidi. Amsha hamira mpya na ujaribu tena. Harufu ya yai viza inaondoka ukihamishia mvinyo dumu jingine kwa kuumwaga uchuruzike. Harufu ya siki haiondoki. Hapo una siki nzuri ya kachumbari, na kosa liko kwenye kifuniko kilichoruhusu wale inzi wadogo wa matunda.

Mapovu yakitulia, vuta mvinyo kuacha mashapo na ujaze madumu madogo mpaka shingoni, kwani nafasi ya hewa ndiyo inayoleta utando mweupe juu. Vuta tena baada ya wiki nne, tena baada ya nyingine nne. Ukiingia mwezi wake wa tatu, mvinyo unakuwa angavu. Kama una haidromita, kipimo kinachoelea kuonyesha sukari iliyobaki, isome chini ya 0.998 kabla ya kutia chupani. Kama huna, subiri siku saba bila povu hata moja na ulimi usisikie utamu. Mashapo yanakula lita mbili hivi, kwa hiyo hesabu chupa 17 au 18 za mililita 750.

Wateja wengi wa hapa wanapenda mvinyo mtamu. Usitie sukari kisha ukafunga chupa: hamira iliyobaki itaamka na kurusha kizibo. Tia utamu kwenye jagi wakati wa kuuza, au ukitia sukari chupani, pasha chupa zenyewe kwenye maji ya nyuzi 65 kwa dakika 20 kuiua hamira. Glasi ni mililita 150, tano kwa chupa, iliyopozwa mpaka nyuzi 8 au 10, pembeni changu wa kuchoma na ndimu au korosho za kukaanga zenye chumvi kidogo. Pilipili nyingi inauua.

Kuuza kunahitaji leseni ya vileo kutoka halmashauri na, kwa chupa za dukani, alama ya TBS, shirika la viwango. SIDO, shirika la viwanda vidogo, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele ni milango ya kuanzia kuuliza kuhusu usindikaji. Na mvinyo ulioharibika usiupeleke kwenye mtambo wa kukenekea ili kuokoa gharama: hiyo ni gongo, na sheria inaikataza.