Kabla ya Kumgusa Chimaeron: Mambo ya Kuzingatia kwa Mponyaji

Katika mchezo wa kompyuta wa World of Warcraft, Chimaeron, yule mnyama wa vichwa viwili anayelala ndani ya pango la raidi la Blackwing Descent, ni bosi (adui mkuu) wa kuwapima waponyaji. Mpigaji, yaani mwenye kazi ya kumdhuru bosi, akizubaa, pambano linachelewa. Mponyaji akizubaa, kikundi kizima kinakufa na kurudi mlangoni. Maelezo haya ni ya wahusika wa ngazi ya 85, yaani pambano lilivyotoka na World of Warcraft: Cataclysm mwaka 2010 na lilivyorudi kwenye toleo la Classic mwaka 2024. Mwenye mhusika wa ngazi za leo aingie peke yake ampige, hayamhusu.

Yaliyo wazi tuyapitie upesi. Vifaa viwe vimekarabatiwa. Flaski (dawa ya kuongeza nguvu) na chakula vitumiwe kabla, siyo baada ya kufa mara ya kwanza. Deadly Boss Mods, adoni (programu ya nyongeza) inayotangaza mashambulizi ya bosi, iwe imewashwa. Kikundi cha watu 10 kiwe na waponyaji watatu. Chupa ya dawa ni moja tu ukishaingia vitani, kwa hiyo iwekee wakati wake: Potion of Concentration inarudisha mana (nguvu ya uganga) nyingi lakini inakulaza sekunde 10, na hapa sekunde 10 za usingizi zikiangukia pabaya ni msiba.

Mtu asianze kabla ya kuzungumza na Finkle Einhorn. Yeye ndiye anayewasha roboti, Bile-O-Tron 800, na roboti ndiye anayewapaka mchanganyiko unaowaweka hai. Bila huo, hakuna pambano.

Sasa tufike kwenye penyewe. Mchanganyiko wa Finkle una sharti moja: ukiwa na uhai unaozidi 10,000, pigo moja haliwezi kukuua, hata liwe kubwa namna gani. Litakuacha na uhai wa 1. Ukiwa chini ya hapo, haukusaidii kitu. Mwenye 10,400 na mwenye 110,000 wako salama sawasawa mbele ya pigo lijalo, na mwenye 9,600 ni maiti anayesubiri zamu.

Kila mtu husoma sentensi hiyo, akaitikia kwa kichwa, halafu akaingia ndani na kuponya kama alivyozoea. Hapo ndipo vikundi vinapokwama usiku mzima. Kila baada ya nusu dakika hivi, Chimaeron anapiga Massacre, na watu wote wanabaki na uhai wa 1 kwa mpigo. Fremu zote, yaani vipau vya uhai wa kila mtu kwenye kioo, zinageuka nyekundu. Mponyaji anashtuka, anachagua tiba yake kubwa kuliko zote, anamjaza mtu mmoja hadi 60,000. Anahamia kwa wa pili, naye anamjaza. Wakati huo Caustic Slime, ute wa sumu wa bosi, imeshaanza kurushwa ovyo kwa mtu yeyote, na wale ambao hawajaguswa bado wako na uhai wa 1. Mmoja anaanguka, kisha wa pili. Mtu anauliza kwa nini tiba haitoshi, na ukitazama hesabu unakuta ilitosha na kubaki: imemwagwa yote kwa watu wawili ambao slime ikiwapiga itawarudisha kwenye 1 vilevile. Mana nayo imeisha kabla bosi hajafika nusu.

Tatizo kubwa liko kwenye macho. Mtu mwenye uhai wa 120,000 akifikishwa 10,000, fremu yake inaonyesha asilimia 8 tu, kijipande chekundu ambacho kila raidi nyingine imekufundisha kukikimbilia. Usitegemee ujasiri wako. Badilisha fremu kabla ya kuanza. Kama unatumia adoni za fremu kama Grid, VuhDo au HealBot, ondoa asilimia na uonyeshe namba kamili ya uhai. Adoni yako ikiruhusu, weka rangi moja kwa aliye chini ya 10,000 na nyingine kwa aliyevuka. Ukimaliza, kazi yako inakuwa nyepesi kuielewa: geuza rangi, hamia kwa mwingine, usirudi nyuma.

Gawaneni kazi kwa majina, siyo kwa "tutaona". Prayer of Healing ya kasisi inaponya kundi dogo la watu watano, hivyo pangeni nani yuko kundi lipi, na kila kundi liwe na mtu wake wa kuanza baada ya Massacre. Pimeni mapema tiba yenu ya kundi inampa kila mtu kiasi gani. Ikifika 8,000, msijidanganye: kila mtu anahitaji nyongeza, na ijulikane nani anaileta. Tiba zinazoponya kidogo kidogo kama Rejuvenation zitangulizwe kabla Massacre haijatua, ili mapigo yake yaanze kuokota watu papo hapo.

Wapigaji nao wakae wametawanyika, angalau yadi 6 kati ya mtu na mtu, ili slime moja isiguse wawili. (Slime pia inawafanya wapigaji wakose shabaha. Wataleta malalamiko. Tiba haikosi shabaha, endelea na kazi.)

Matanki, yaani wanaopokea mapigo ya bosi kwa niaba ya wengine, yana hesabu yake. Tanki wa kwanza anabeba Break, dhara la kujirundika ambalo kila tabaka linamwongezea maumivu, na pia kumpunguzia tiba kwa asilimia 15, hadi tabaka nne. Zikifika nne, tiba ya 20,000 inamfikia ikiwa 8,000. Kwa hiyo tiba ileile iliyomvusha mwanzoni haimvushi tena, na usipolijua hilo atakufa ukiwa unamtazama. Awe na mponyaji wake peke yake. Kama ni paladini, Beacon of Light, inayompa tanki sehemu ya tiba unazowapa wengine, iwekwe juu ya tanki huyu na isihame. Tanki wa pili anamvuta bosi kwa ajili ya Double Attack tu, kisha anamrudisha. Huyu ndiye pekee anayehitaji uhai mwingi kweli, kwa sababu mapigo ni mawili: la kwanza likimshusha hadi 1, la pili linamzika.

Halafu kuna Feud, ambapo sheria zote zinageuka. Mara nyingine Massacre humzima roboti, mchanganyiko unatoweka, na vichwa vya Chimaeron vinaanza kugombana vyenyewe. Hampigi tanki, ila slime inaendelea kumwagika. Sasa 10,000 si kitu. Wote wakimbilie sehemu moja, wabanane, slime igawanywe kati yao, na waponyaji wajaze watu kwa nguvu zote. Pangeni zamu za uganga mkubwa wa kulinda na kuponya kikundi: Power Word: Barrier kwa Feud ya kwanza, Tranquility kwa ya pili, Divine Hymn kwa ya tatu. Mbili zikitumika pamoja, Feud inayofuata itawakuta mikono mitupu. Roboti huwaka tena kabla ya Massacre inayofuata. Tawanyikeni upesi, na hakikisheni kila mtu amevuka kizingiti.

Bosi akishuka chini ya asilimia 20 ya uhai wake, tiba zote hukatwa kwa asilimia 99. Maana yake, tiba ya mwisho yenye faida ni ile unayotoa bosi akiwa 22 au 21. Waambieni wapigaji wasimame hapo hadi watu wajae, na Heroism au Bloodlust, uganga wa kukiharakisha kikundi, isubiri hadi hiyo 20 ivukwe. Baada ya hapo kila mponyaji mwenye uganga wa kudhuru autumie, mana ya kubakiza haina kazi tena.

Ufufuo wa vitani ni mmoja tu kwa kikundi cha watu 10, usitumiwe kwa mpigaji aliyekufa dakika ya kwanza kwa kutotawanyika. Anayesikia vibaya kwenye mazungumzo ya sauti aseme kabla. Anayetaka kuondoka mezani aende sasa. Na aliyebadilisha fremu zake dakika tano zilizopita azijaribu kwanza kwa maadui wadogo wa njiani, kwa sababu adoni iliyowekwa vibaya hukaa kimya hadi Massacre itue.