Kubadilisha sensa ya upepo wa tairi nyumbani, kwa gari za huku kwetu kwenye chumvi

"Ami, taa hii ya tairi nishaizowea, tangu nainunua gari iko hivyo hivyo," aliniambia kijana mmoja wa hapa mtaani kwetu Fuoni, Unguja. Nikainama kwenye gurudumu la mbele kushoto. Nati inayoshika valvu imezungukwa na unga mweupe, na kifuniko cha valvu kimeganda. Nilipokigusa kwa koleo, kidogo tu, valvu nzima ikakatika na upepo wote ukatoka. Alhamdulillahi imekatika uani, gari imesimama. Ingekatika njia ya Makunduchi na watoto wamo ndani, ingekuwa habari nyengine.

Sensa ni kifaa kidogo kinachopima upepo wa tairi na kuipa habari taa ile ya dashibodi. Nyingi hukaa ndani ya rimu, zimeshikana na shina la valvu la aluminiamu. Mtu akitia kifuniko cha shaba, au kile kipande cha ndani cha shaba kinachozuia upepo, madini mawili yanakutana na maji ya chumvi baina yao, na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Gari inayoshinda ufukweni, Paje au Nungwi, huliwa mbio zaidi.

Hatua ya 1: Isome taa. Ikiwaka moja kwa moja, tairi limepungua upepo. Jaza asubuhi kabla ya kuendesha, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Kikisema kPa 220 ni psi 32, na 240 ni psi 35. Usifuate namba iliyo ubavuni mwa tairi, ile ni ukomo wa tairi lenyewe. Taa ikimemeta kama dakika moja unapowasha gari kisha ikabaki inawaka, hapo sensa au mfumo wake ndio wenye tatizo.

Gari nyengine hazina sensa ndani ya tairi. Zinahesabu mizunguko ya magurudumu kupitia ABS, yaani mfumo wa breki unaozuia magurudumu yasigande, kwa kuwa tairi lililolegea huzunguka haraka zaidi ya wenzake. Hizo hakuna cha kufungua: jaza upepo, kisha nenda hatua ya mwisho.

Hatua ya 2: Nunua kwa namba, si kwa sura. Hapa ndipo pesa zinapopotea. Sensa hutuma habari kwa mawimbi ya redio, na kuna za megahezi 315 na za 433. Gari za soko la Ulaya hutumia 433, za Marekani nyingi ni 315. Niliwahi kuuziwa sensa mbili zilizotumika, ukiziweka pamoja na za zamani huzitofautishi. Nikazifunga, nikajaza, gari haikuzisikia hata siku moja, kwa sababu mawimbi yalikuwa mengine. Kazi ya mchana mzima nikairudia upya. Basi fungua tairi kwanza kama hatua ya 3, chukua sensa yako ya zamani mkononi, soma namba ya kipuri iliyoandikwa juu yake, ndiyo uende nayo dukani.

Betri yake imefungiwa ndani, haibadilishwi, na hudumu kama miaka 5 hadi 10. Ulaya ililazimisha mfumo huu kwa gari ndogo zote mpya kuanzia Novemba 2014, kwa hiyo gari ya wakati huo ambayo haijawahi kubadilishwa, betri zake zimeshachoka. Moja ikifa kwa uzee, badilisha zote nne.

Na kabla hujaifunga, piga picha namba ya utambulisho ya kila sensa, uandike inaingia gurudumu gani. Usiiruke hii.

Hatua ya 3: Fungua tairi. Legeza nati za gurudumu gari ikiwa chini, kisha jeki, kisha stendi. Toa kipande cha ndani cha valvu mpaka upepo uishe kabisa. Laza gurudumu juu ya mkeka, uso wa nje juu, na anza kubandua mdomo wa tairi upande wa pili, mbali na valvu. Ukikaribia valvu, sukuma taratibu kwa goti au mkono. Mtarimbo usifike hapo kamwe, sensa nyingi zinavunjwa namna hiyo. Huna haja ya kulitoa tairi lote: mdomo wa juu ukishashuka, shindilia kipande cha ubao ubaki wazi. Likikushinda, mpelekee mziba pancha, lakini simama naye na umwambie sensa iko wapi.

Hatua ya 4: Funga mpya. Fungua nati ya valvu, toa sensa ya zamani, kisha safisha tundu la rimu kwa kitambaa. Mpira, washa na nati ziwe mpya. Sensa ilale kwenye rimu bila kugusa tairi. Kaza nati kwa kipimo cha karatasi iliyokuja nayo, mara nyingi nyutoni mita 4 hadi 8, nguvu ndogo tu. Kipande cha ndani kiwe kilichopakwa nikeli, cheupe, na kifuniko kiwe cha plastiki.

Paka sabuni midomo ya tairi, jaza mpaka usikie limekaa kwa mlio, usipite psi 40 na usiweke vidole karibu. Rudisha kwenye kipimo cha kibandiko, kisha mwagia valvu maji ya sabuni utazame povu.

Hatua ya 5: Ifundishe gari. Toyota nyingi zina kitufe cha SET chini ya usukani au ndani ya kisanduku cha dashibodi. Washa swichi, kibonye mpaka taa imemete mara 3 polepole. Kitufe hiki huweka kipimo cha upepo tu, hakiitambulishi sensa mpya.

Gari nyengine hujifunza namba zenyewe ukiendesha dakika 10 hadi 20 juu ya kilomita 40 kwa saa. Foleni ya Darajani haitakusaidia, shika njia ya Tunguu kuelekea Jozani. Zilizobaki, zikiwemo Toyota nyingi, lazima namba iandikwe kwa mashine inayochomekwa chini ya usukani. Ukiwa na ile picha, fundi wa mashine anamaliza kazi bila kugusa tairi. Ukiwa huna, na mashine yake haiwezi kuisoma sensa kutoka nje, tairi linafunguliwa tena.

Taa ikirudi kumemeta siku uliyofunga tairi la spea, tazama kwanza kama spea hiyo ina sensa. Nyingi hazina.