Kupima sumu ya shaba kwa dafnia ndani ya saa 48: mwongozo kwa labo ndogo za Lubumbashi

Shirika la Afya Duniani linakubali maji ya kunywa yawe na shaba hadi miligramu 2 kwa lita. Chukua maji safi ya maabara, yatie shaba kiasi hicho hicho, kisha mweke humo dafnia mchanga. Kesho yake utamkuta chini ya bika, yaani chombo cha kioo cha maabara, haogelei tena. Sisi wa Lubumbashi, mji ulioanza kuyeyusha shaba mwaka 1911, hatuwezi kuipuuza tofauti hiyo. Dafnia ni wa ukoo wa kamba na kaa, mdogo wa milimita chache tu, lakini yeye na jamaa zake ndio chakula cha samaki wachanga mitoni na mabwawani. Wakiisha, samaki mchanga anakosa mlo hata kama maji yenyewe hayajamuua.

Jaribio lenyewe linafuata mwongozo namba 202 wa mwaka 2004 wa OECD, Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo. Unawaweka watoto wa dafnia kwenye maji yenye ukolezi mbalimbali wa kemikali, yaani kiasi tofauti cha kemikali kwa kila lita, na baada ya saa 24 na 48 unahesabu walioshindwa kuogelea. Kutoka hapo unapata EC50, yaani ukolezi unaowasimamisha nusu yao. Linaonekana jepesi. Ninachokuomba ukishike tangu mwanzo ni hiki: shaba haina EC50 moja. Ina EC50 ya maji fulani, na ukibadilisha maji namba nayo inabadilika. Ndiyo maana hatua ya maji hapa chini ni ndefu kuliko zote.

Hatua ya 1: Pata wanyama

Mnyama wa kawaida wa jaribio hili ni Daphnia magna. Kama kuna labo inayomfuga, omba mbegu. Mama mmoja anatosha kuanzisha ukoo mzima, kwa sababu dafnia wakiwa na raha huzaa majike bila dume. Wafuge kwenye nyuzi 20, uwalishe mwani wa kijani kama klorela, na usiwarundike.

Ukimkosa, nenda kwenye mabwawa ya samaki yanayotiwa mbolea ya kuku. Wale vijidudu wanaorukaruka kwa mafungu karibu na ukingo mara nyingi ni Moina, jamaa wa karibu wa dafnia. Anakua haraka na anapenda joto la nyuzi 25 hivi. Jaribio la Moina lina thamani kubwa kwa sababu ni mnyama wa hapa hapa, lakini liandike kwa jina lake. Usichukue matokeo ya Moina ukayalinganisha na majedwali ya Daphnia magna kana kwamba ni kitu kimoja.

Ukiona kwenye ufugo wako madume, au mama waliobeba mayai ndani ya ganda jeusi mgongoni, ujue wana dhiki: njaa, msongamano au maji mabaya. Usifanye jaribio na watoto wa ufugo huo. Rekebisha kwanza, subiri vizazi vitulie.

Hatua ya 2: Tengeneza maji

Maji ya bomba yana klorini, na klorini inaua dafnia. Ukiyaacha wazi na kuyapulizia hewa inapungua, lakini bado hujui mabomba na koki za shaba au shaba nyeupe zimeongeza nini. Maji ya visima vilivyochimbwa kwenye mwamba wa dolomiti ni magumu, yaani yana kalsiamu na magnesiamu nyingi, na ugumu wake unatofautiana kisima hadi kisima. Kwa jaribio la chuma chochote, tengeneza maji yako mwenyewe.

Anza na maji yaliyochujwa chumvi zote. Yapime kwa kondaktimita, kifaa kinachoonyesha jinsi maji yanavyopitisha umeme: yasizidi mikrosimensi 10 kwa sentimita. Maji ya betri ya dukani usiyaamini kabla ya kuyapima, kwani chupa zinazofanana zinaweza kuwa na asidi. Kisha weka kwa kila lita:

kloridi ya kalsiamu (yenye molekuli 2 za maji): miligramu 294
salfeti ya magnesiamu (yenye molekuli 7 za maji): miligramu 123.25
bikabonati ya sodiamu: miligramu 64.75
kloridi ya potasiamu: miligramu 5.75

Mizani ya labo ndogo haiwezi kupima vipimo hivi vizuri, kwa hiyo tengeneza mimumunyo minne mikali, kila moja kwenye lita yake: gramu 11.76, 4.93, 2.59 na 0.23 kwa kufuata mpangilio huo huo. Ukihitaji lita moja ya maji ya jaribio, chota mililita 25 kutoka kila mmumunyo halafu ujaze hadi lita. Pulizia hewa usiku kucha. Utapata ugumu wa miligramu 250 kwa lita, ukihesabiwa kama kabonati ya kalsiamu, na pH (kipimo cha uasidi) ya karibu 7.8.

Kwa nini usumbufu wote huu? Kalsiamu na magnesiamu hushindana na shaba kuingia kwenye mwili wa mnyama. Maji yakiwa laini, shaba inapita bila mpinzani. Yakiwa magumu inapata kizuizi. Halafu kuna mabaki ya majani yaliyoyeyuka, yale yanayoyapa maji ya dambo, bonde lenye majimaji, rangi ya chai: yanaishika shaba na kuifunga isimdhuru mnyama. Kwa hiyo mikrogramu 50 zinazoangusha dafnia kwenye maji laini na meupe zinaweza zisifanye kitu kwenye maji ya dambo. pH nayo ina sauti yake. Mtu akikuletea EC50 ya shaba bila kukuambia ugumu, pH na kiasi cha kaboni ya viumbe (kama ile ya mabaki ya majani) kwenye maji yake, bado hajakuambia kitu unachoweza kukitumia kwa mto wowote.

Kwa sababu hiyo hiyo, usitumie maji ya kufugia yenye EDTA, kama yale yanayoitwa M4 na M7. EDTA huifunga shaba. Utaongeza sumu, wanyama wataendelea kucheza, nawe utaandika kwamba shaba haina madhara.

Hatua ya 3: Osha vyombo

Loweka bika zote kwenye asidi ya nitriki ya asilimia 10 usiku mmoja, halafu uzisuuze mara kadhaa kwa maji yaliyochujwa. Sabuni ikibaki inaua; vumbi la madini likibaki linaua pia, na katika mji huu vumbi hilo liko kila dirishani. Zigeuze juu ya karatasi safi, zifunike.

Hatua ya 4: Andaa watoto

Unahitaji watoto wasiozidi saa 24, na wasiwe wa uzao wa kwanza wa mama zao. Uzao wa tatu na kuendelea ndio wenye nguvu zinazolingana. Jioni wahamishe mama 20 hadi 30 wenye mimba kwenye maji mapya yenye chakula. Asubuhi ondoa mama kwa pipeti pana. Waliobaki ndio wako.

Hatua ya 5: Panga ukolezi

Kosa la kawaida hapa ni kupima salfeti na kuiita shaba. Salfeti ya shaba ya bluu, yenye molekuli 5 za maji, ni shaba kwa robo tu ya uzito wake. Pima gramu 0.393, iyeyushe kwenye lita moja ya maji yaliyochujwa: una miligramu 100 za shaba kwa lita. Chota mililita 10, jaza hadi mililita 100: una miligramu 10 kwa lita. Huu wa pili ndio utakaoutumia.

Fanya kwanza jaribio dogo la kutafuta mpaka: mikrogramu 1, 10, 100 na 1,000 kwa lita, wanyama watano kila moja. Litakuonyesha eneo la kuchimba. Kwa jaribio kamili chagua ukolezi tano unaopanda kwa kipimo kimoja, kisichozidi mara 2.2. Tuseme mikrogramu 12.5, 25, 50, 100 na 200 kwa lita. Weka mililita 10 za ule mmumunyo wa pili kwenye maji ya jaribio, jaza hadi mililita 500: hiyo ni 200. Chukua nusu yake, changanya na mililita 250 za maji ya jaribio yasiyo na shaba: hiyo ni 100. Endelea kushuka hivyo. Maji ya jaribio yasiyo na shaba ndiyo kontroli, yaani kipimo cha kulinganishia.

Kwa kobalti utahitaji ukolezi mkubwa zaidi, wa miligramu badala ya mikrogramu. Na kama unapima maji yanayotoka kiwandani, huna haja ya chumvi: yapunguze tu kwa maji ya jaribio, asilimia 100, 50, 25, 12.5 na 6.25.

Hatua ya 6: Waweke ndani

Kila ukolezi upate bika nne, kila bika watoto watano na angalau mililita 10. Mimi napendelea 20. Pamoja na kontroli ni bika 24 na wanyama 120. Wagawe mmoja mmoja kwa zamu, bika hadi bika. Ukijaza bika moja kabla ya kwenda nyingine, wale wavivu wanaokamatwa mapema wote wataangukia upande mmoja. Anzia kontroli ukipanda kuelekea ukolezi mkubwa, kamwe usirudi nyuma na pipeti ile ile.

Zamisha ncha ya pipeti ndani ya maji ndipo umwachie. Ukimdondosha kutoka juu, hewa inaingia chini ya ganda lake, anaelea kama punje juu ya maji, anapiga antena bila kwenda popote, na atahesabiwa kama mgonjwa wakati hana ugonjwa.

Usiwalishe, usipulizie hewa, funika bika. Joto liwe kati ya nyuzi 18 na 22, bila kuyumba zaidi ya nyuzi 1 kila upande. Mwezi wa saba usiku wa Lubumbashi unashusha labo chini kabisa, na mwezi wa kumi mchana unaipandisha, tena umeme ukikatika friji ya joto, yaani kabati la kudhibiti joto, haina msaada. Weka bika ndani ya karai pana lenye maji mengi ya nyuzi 20, na karai ndani ya boksi la frigoliti (povu jepesi la plastiki) lenye mfuniko. Maji mengi hubadilika joto polepole. Giza si tatizo, mwongozo unaliruhusu.

Pima oksijeni na pH mwanzo na mwisho. Tuko kwenye mita 1,200 hivi juu ya bahari, kwa hiyo maji yaliyojaa oksijeni kwenye nyuzi 20 yatasoma karibu miligramu 8 kwa lita, si 9 kama inavyoandikwa kwenye majedwali ya pwani. Kifaa chako hakijaharibika. Mwishoni isiwe chini ya 3.

Hatua ya 7: Hesabu baada ya saa 24 na 48

Zungusha bika polepole, kisha mwangalie kila mnyama kwa sekunde 15. Asipoogelea, hesabu kuwa amesimama, hata kama bado anachezesha antena. Ukimweka chini ya lupu, kioo cha kukuzia, utaona mara nyingine moyo wake, kile kifuko cheupe mgongoni, ukiendelea kupiga taratibu. Yuko hai, lakini majini asiyeogelea hapati chakula wala hamkwepi samaki, na ndiyo maana kipimo ni kuogelea, si kufa. Mtu mmoja ahesabu bika zote, kama inawezekana bila kujua ipi ni ipi.

Kontroli ikiwa na zaidi ya asilimia 10 waliosimama, yaani zaidi ya wawili kwa ishirini, jaribio limeanguka. Usilisahihishe kwa hesabu. Tafuta sababu kwenye maji, vyombo au ufugo.

Pima pia afya ya ufugo wako mara kwa mara kwa dikromati ya potasiamu: kwa Daphnia magna, EC50 ya saa 24 inatakiwa iwe kati ya miligramu 0.6 na 2.1 kwa lita. Dikromati inasababisha saratani. Vaa glavu, usiipime kwenye upepo.

Hatua ya 8: Tafuta EC50

Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, waliosimama kati ya 20 ni 0, 1, 6, 15 na 20. Nusu iko kati ya 50 (asilimia 30) na 100 (asilimia 75). Tumia logi (logarithimu ya msingi wa 10), kwa sababu ukolezi ulipanda kwa kuzidishwa. Logi ya 50 ni 1.699. Kutoka 30 hadi 50 ni hatua 20 kati ya 45, na umbali wa logi ni 0.301, zidisha, upate 0.134. Jumla ni 1.833, yaani mikrogramu 68 kwa lita. Njia nyingine ya hesabu, ya Spearman-Kärber, kwa data hizo hizo inatoa 66. Programu ya probiti, njia ya takwimu ya kukadiria EC50, itakupa pia mipaka ya uhakika ya asilimia 95, nayo lazima uiandike.

Kabla ya kutangaza, peleka sampuli za bika kwa mwenye kifaa cha kupima shaba, ukizitia asidi ya nitriki hadi pH iwe chini ya 2. Mjini hapa labo za madini zinavyo. Shaba hushika kwenye kioo na uchafu; ikipungua kwa zaidi ya asilimia 20, hesabu EC50 kwa kiasi kilichopimwa, si kile ulichotia. Kwenye ripoti, mstari wa EC50 uandamane na jina la mnyama, umri, joto, ugumu, pH, kaboni ya viumbe, oksijeni na idadi iliyosimama kwenye kontroli.

Hatua ya 9: Mabaki

Kusanya maji ya shaba kwenye bidoni lenye lebo, ongeza chokaa hadi pH ifike 9 hivi, acha tope la bluu litue, na tope hilo litunzwe na taka za kemikali. Mabaki ya dikromati yakae bidoni lake peke yake. Wanyama waliobaki, hasa kama ni Daphnia magna wa ufugo, wamwagie maji ya moto; wasifike mtaroni, kwa maana mtaro unakwenda mtoni.