Somo: Kupika Chahan, Wali wa Kukaanga wa Kijapani, kwa Jiko la Nyumbani

Chahan ina asili ya China, na nchini Japani huuzwa sana katika mikahawa midogo ya rameni (tambi za supu), ambako mpishi huishindilia kwenye upawa na kuipindua juu ya sahani. Sifa yake kuu ni wali uliochambuka punje moja moja, ingawa mchele wa Kijapani una punje fupi na wanga unaonata. Sifa hiyo inapatikana hata kwa jiko la kawaida la gesi, mradi unyevu na moto vidhibitiwe tangu mwanzo.

Kwa watu wawili andaa wali gramu 400, mayai 2, nyama iliyoiva gramu 80, vitunguu majani, mafuta vijiko 2 vya chakula, sosi ya soya vijiko 2 vya chai, chumvi na pilipili manga nyeupe. Wajapani wengi hutumia nguruwe wa kuchemshwa kwa sosi ya soya. Kuku au kamba wanafaa vilevile.

Hatua ya kwanza ni wali wenyewe. Osha mchele vizuri ili kuondoa unga wa wanga, upike kwa maji pungufu kidogo kuliko kawaida, kisha uutandaze kwenye sinia ili mvuke utoke. Usiuache upoe kabisa, kwa sababu wali wa vuguvugu huachana kwa urahisi, ilhali ule wa baridi hushikana mabonge na kukipoza kikaango.

Hatua ya pili, katakata kila kitu vipande vidogo na ukiweke karibu na jiko, kwani upishi wote huchukua kama dakika 3 na hakutakuwa na nafasi ya kutafuta chumvi.

Hatua ya tatu ndiyo kiini cha somo. Pasha kikaango cha chuma hadi kianze kutoa moshi mwembamba, tia mafuta, kisha mimina mayai yaliyopigwa. Yakianza tu kuganda kandokando huku katikati yangali majimaji, tia wali wote papo hapo. Yai hilo bichi huzivika punje na kuganda juu yake, na hivyo kuzizuia zisinatane. Ukilisubiri liive, utapata wali na vipande vya mayai tu. Kandamiza mabonge kwa mgongo wa upawa, geuza, kandamiza tena, bila kukiinua kikaango. Wapishi wa mikahawani hukirusharusha kwa sababu moto wao ni mkali mno. Wa nyumbani hauwezi kufidia joto linalopotea.

Hatua ya nne, ongeza nyama, chumvi na pilipili manga, halafu vitunguu majani. Mwisho mimina sosi ya soya ukingoni mwa kikaango, si juu ya wali, ili iungue kidogo kwenye chuma, maji yake yakauke na harufu yake ikolee. Geuza mara mbili tatu, epua.

Swali: Shukrani kwa somo, mwalimu. Je, si lazima wali uwe wa jana?
Jibu: Si lazima. Ukiutumia, upashe moto kwanza. Naomba sana tusiuache wali mezani usiku kucha, hasa katika joto la pwani: kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemshwa, na sumu wanayoitoa haiondoki kwa kupasha moto. Uingie jokofuni ndani ya saa moja baada ya kupikwa.

Swali: Mimi napikia watu wanane. Je, nizidishe vipimo mara nne?
Jibu: Vipimo ndiyo, lakini pika kwa mafungu ya watu wawili wawili. Kikaango kilichojaa hupoa, wali hutoa mvuke, na matokeo yake ni bokoboko.

Swali: Mchele wa Kyela unafaa? Na karoti na kabichi?
Jibu: Mchele unafaa, na kwa kuwa haunati kama wa Kijapani, kuuchambua ni rahisi zaidi. Karoti chache zilizokatwa ndogo sana hazidhuru. Kabichi mimi siipendekezi, kwa kuwa hutoa maji mengi.

Swali: Je, sosi ya soya ina kileo?
Jibu: Ile ya Kijapani inayochachushwa kwa njia ya asili huwa na kileo kidogo, takriban asilimia 2, kinachotokana na uchachu wenyewe. Anayejiepusha nacho kabisa asome kibandiko na kuchagua chupa iliyothibitishwa kuwa halali.